Kioo kwa Mtoto Anayeanza Kutembea: Mwongozo wa Mzazi

Mpe mtoto wa mwaka mmoja kioo, utamwona akianza na urafiki. Humchekea yule aliyemo ndani, humpiga kikofi, humbusu kwa mdomo uliojaa mate, halafu huzunguka nyuma ya kioo kumtafuta. Wakubwa hucheka, kisha hukitundika kioo juu asikifikie. Hapo wamemkatiza kazini. Mtoto yule alikuwa anapima jambo zito: nikiinua mkono, na yule anainua, nikiacha, naye anaacha, kaka hafanyi hivi, mama hafanyi hivi, basi huyu ni nani?

Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi, shangazi au dada anayeshinda na mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3, awe Mkwajuni mjini, Saza, Galula au Tunduma, hapa mkoani Songwe. Unahitaji vitu vitatu tu: kioo kilicho salama, dakika chache za kila siku, na mdomo wako. Hicho cha tatu ndicho kikubwa, na utaona kinajirudia hadi mwisho.

ANAJIFUNZA NINI HASA?

Mtoto anaiona mikono yake, anaona tumbo na miguu. Uso wake hauoni. Pua, masikio, meno yanayoota na kisogo anavijua kwa kuvigusa tu, au kwa kuguswa. Kioo kinamwonyesha kwa mara ya kwanza sehemu ya mwili ambayo watu wengine wote wanaiona isipokuwa yeye.

Kazi yenyewe huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani Lorraine Bahrick na John Watson waliwaonyesha watoto wa miezi mitano video mbili: moja ya miguu yao wenyewe ikirusha mateke papo hapo, nyingine ya miguu ya mtoto mwingine. Watoto walizitofautisha. Mtoto wa miezi mitano, ambaye hata kukaa mwenyewe bado, tayari anajua kuwa miguu ile inakwenda sawasawa na anavyohisi mwilini. Kioo kinampa nafasi ya kurudia uchunguzi huo kila siku.

Baadaye anajifunza mahali vitu vilipo. Mwaka 1978 Bennett Bertenthal na Kurt Fischer walishusha kofia polepole juu ya kichwa cha mtoto aliyekaa mbele ya kioo, bila kumgusa. Mtoto mdogo huikamata kofia iliyo kiooni. Akikua kidogo hutazama kioo, akanyamaza, kisha akainua macho juu ya kichwa chake na kuikamata ile ya kweli. Hiyo ni hesabu ngumu: kilichoko mbele yangu kinanionyesha kilichoko juu ya kichwa changu. Na mtoto huiweza hesabu hiyo miezi kadhaa kabla ya kujua kuwa uso anaouona ni wake.

Kujitambua huja kati ya umri wa mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Kipimo mashuhuri ni cha Beulah Amsterdam, aliyechapisha mwaka 1972 utafiti wa watoto 88 wa miezi 3 hadi 24. Mtoto alipakwa doa jekundu puani bila kujua, kisha akawekwa mbele ya kioo. Akigusa pua yake mwenyewe, amejitambua. Kati ya wale wa miezi 20 hadi 24, karibu theluthi mbili walifanya hivyo. Amsterdam aliona pia kitu ambacho wazazi wengi hukikosea maana: katika mwaka wa pili watoto wengi huona haya mbele ya kioo. Hugeuka, hufunika uso, hujificha kwenye kanga ya mama. Usiseme anaogopa shetani. Anaanza kuhisi kuwa anaonekana.

USIMFANYIE MTIHANI

Ukishasikia habari ya doa la pua, mkono utakuwasha. Utataka kumpaka wa kwako unga ili uone kama yuko sawa na mtoto wa jirani. Kabla hujafanya hivyo, sikiliza yaliyotokea karibu na kwetu.

Mwaka 2011 Tanya Broesch, Philippe Rochat na wenzao walichapisha matokeo ya kipimo hicho katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Watoto 82 wa Kenya, wa miezi 18 hadi 72, walibandikwa kikaratasi kwenye paji la uso bila kujua. Waliokigusa au kukibandua walikuwa wawili tu. Watoto wa miaka minne na mitano, wanaojua kutumwa dukani na kuchunga wadogo zao, walisimama mbele ya kioo wakajitazama kimya. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema hawakujijua. Watafiti wenyewe walieleza kwamba huenda watoto waliiona alama ile, ila hawakujua kama wanaruhusiwa kuigusa. Mtoto aliyelelewa asiguse kitu alichowekewa na mkubwa mpaka aambiwe, hukaa na adabu yake hata mbele ya kioo.

Utafiti ulio karibu nasi zaidi ulifanyika ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nchini Zambia. Mwaka 2017 Josephine Ross na wenzake walilinganisha watoto wa miezi 15 hadi 18 wa Scotland, Uturuki na Zambia kwa vipimo viwili. Katika kipimo cha kioo, watoto wa Scotland waliongoza. Katika kipimo cha pili mtoto alipewa kigari cha kusukuma kilichofungwa kwenye mkeka, naye amesimama juu ya mkeka huohuo. Kigari hakiendi mpaka atambue kuwa uzito wa mwili wake ndio unaozuia, ashuke. Hapo watoto wa Zambia waliongoza. Mama wa Scotland walikuwa wakicheza na watoto kwa maneno na kwa kutazamana wakiwa mbalimbali. Mama wa Zambia waliwashika na kuwapakata. Kila malezi yalikuwa yamefundisha upande mmoja wa kujijua.

Kwa hiyo ukimbeba mtoto kwa mbeleko, ukilala naye na kumpakata jioni nzima, hujamnyima kitu. Endelea. Na kama nyumba yako haina kioo, usijilaumu: mwaka 1986 Beatrice Priel na Scania de Schonen waliwapima watoto wa Wabedui wa jangwa la Negev waliokua bila vioo, nao walijitambua katika umri uleule na wenzao waliozoea vioo.

Basi kioo cha nini? Ni kwa sababu utafiti wa Zambia na Scotland ulionyesha pia kuwa watoto walioongeleshwa zaidi ndio waliojitambua zaidi kiooni. Mbele ya kioo wewe na mtoto mnatazama kitu kimoja, nyuso zote mbili zinaonekana, na kila unachokitaja kipo palepale. Ni vigumu kupata mahali pazuri kuliko hapo pa kumfundishia mtoto maneno. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka mtoto apate afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mchezo wa kioo ukichezwa vizuri unatoa malezi yenye mwitikio na kujifunza kwa wakati mmoja. Ukichezwa vibaya unaharibu hilo la mwisho, la usalama, ndiyo maana tunaanza na kioo chenyewe.

KUCHAGUA NA KUWEKA KIOO

Kilicho bora ni kioo cha plastiki, kisichovunjika kikawa vipande vikali. Kisipopatikana, sinia la stili lililosuguliwa likang'aa linatosha kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Uso utaonekana una ukungu kidogo, lakini mwendo utaonekana wote, na katika umri huo mwendo ndio anaousoma. Kijiko kikubwa cha stili kina burudani yake: upande wa mgongo uso husimama wima, upande wa tumbo hupinduka kichwa chini. Mtoto wa miaka miwili na nusu anaweza kukaa nacho muda mrefu akikigeuzageuza.

Ukiamua kutumia kioo cha kawaida, fuata hatua hizi:

1. Mwombe fundi wa vioo akukatie kipande cha upana wa sentimita 30 hadi 40 na urefu wa sentimita 60, na asage kingo zote nne mpaka kidole kipite bila kukwaruzika.
2. Bandika mgongo wote wa kioo kwenye plaiwudi kwa gundi. Kikipasuka, vipande vitabaki vimeshikwa.
3. Kizungushie fremu ya mbao. Kioo kisicho na fremu hakifai kwa mtoto.
4. Kifunge ukutani kwa skrubu kwenye pembe zote nne, ukingo wa chini ukikaribia sakafu. Mtoto wa mwaka mmoja ana urefu wa kama sentimita 75 tu. Kioo kilicho kwenye kimo cha kifua chako hakimsaidii.
5. Hakikisha mwanga wa dirisha au mlango unatoka ubavuni. Ukitoka nyuma yake, uso utakuwa kivuli. Jua likipiga kioo moja kwa moja, litamchoma macho.
6. Kivute kwa nguvu zako zote. Kikitikisika, kitoe.

Kama ukuta wako ni wa tofali la udongo lisilochomwa, skrubu hazitashika. Usikiegemeze kioo ukutani kwa matumaini. Tumia kidogo chenye fremu, ukishike mwenyewe, mkimaliza ukiweke juu ya kabati.

*Visivyofaa kabisa:* kipande cha kioo cha pembeni cha pikipiki kilichookotwa, CD kuukuu (inapasuka na kuacha ncha kali), kioo cha kunyolea kinachokuza uso (ukikiacha juani hukusanya miale na kinaweza kuwasha nyasi au nguo), na kabati la nguo lenye kioo ambalo halijafungwa ukutani. Mtoto anayejivuta kusimama dede atashika mlango wa kabati, nalo litamwangukia.

MARA YA KWANZA

Chagua wakati mtoto ameshiba, hana usingizi wala homa.

1. Mpakate, mkae mbele ya kioo nyuso zenu zikiwa pamoja. Asianze peke yake: uso anaoujua ni wako, na ndio utakaompa imani.
2. Nyamaza kidogo. Mwache atazame. Kimya hiki cha mwanzo wazazi wengi hawakiwezi, wanaanza mara moja "ona, ona, ona!"
3. Akikugeukia, na atakugeukia, mtazame kisha utazame kioo. Useme: "Mama yuko hapa. Na mama yuko kule."
4. Fanya jambo moja dogo: toa ulimi, au pandisha nyusi. Subiri aone.
5. Akifanya chochote, mwige. Akipiga mkono, nawe piga.
6. Akigeuka, akisugua macho au akilia, mmemaliza, hata kama ni dakika moja. Kugeuka ndiyo lugha yake ya kusema basi.

MICHEZO KWA UMRI

*Miezi 6 hadi 12.* Kama bado hajatambaa, mlaze kifudifudi akiwa macho, uweke kioo kisichovunjika mbele yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, linapendekeza mtoto asiyetembea wala kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulazwa kifudifudi akiwa macho, zikigawanywa kidogokidogo. Kioo kinamfanya ainue kichwa bila kulia, na shingo na mabega hupata nguvu. Akiwa anakaa, cheza naye kujificha: funika kioo kwa kitenge, uliza "Yuko wapi?", kisha funua.

Kwa mama wa kwetu kuna mchezo mmoja ambao hakuna kitabu cha ughaibuni kitakachokupa. Mfunge mtoto mgongoni kwa mbeleko, simama mbele ya kioo, kisha geuka kidogo upande mpaka uso wake utokeze begani mwako. Kwa kawaida akiwa mgongoni anaona kisogo chako tu. Sasa anaona uso wako na wake pamoja, huku mwili wake umeshikamana na wako. Kila unapoinama au kuyumba anauhisi mwendo na kuuona.

*Miezi 12 hadi 18.* Huu ndio wakati wa kofia. Ishushe polepole kutoka nyuma, ukisema inakokwenda: "Kofia inakuja… inakuja… iko juu ya kichwa!" Usimsaidie haraka. Akikamata kioo mara tatu, mara ya nne gusa kichwa chake kwa kofia, akumbuke mahali. Fuatisha na viungo vya mwili: pua, sikio, jino, tumbo. Hapa shika kanuni moja: gusa kiungo cha kweli kwanza, kisha kioneshe kiooni. Ukigusa kioo tu, utamfundisha kuwa pua ni kitu baridi kilicho ukutani. Na usifundishe kulia na kushoto mbele ya kioo, kwani vinabadilishana.

*Miezi 18 hadi 24.* Mpambe waziwazi. Mpake tone la mafuta ya mgando shavuni huku anaona, mwambie ajifute mwenyewe. Mfunge kilemba, mvishe miwani yako, umvue. Uliza "Huyu nani?" Watoto wengi hujibu kwa jina lao kabla ya kusema "mimi". Usimsahihishe. Jibu: "Ndiyo, ni wewe." Akikaa kimya, jibu kwa niaba yake na uendelee.

Katika umri huu mwongezee mchezo wa kanga, unaofanana na kile kigari cha Zambia. Tandika kanga, mwache asimame juu yake, kisha nyosha mkono useme: "Nipe kanga." Atavuta, itakataa. Atavuta tena. Mwache afikirie. Siku atakayotazama miguu yake, akashuka, akakuletea kanga huku anacheka, ujue amejiona bila kioo.

*Miaka 2 hadi 3.* Nyuso za hisia: "Tufanye uso wa kufurahi. Tufanye uso wa hasira. Babu akisinzia yukoje?" Mtoto wa umri huu analipuka kwa kilio kwa kuwa hana maneno ya kilichomo ndani yake. Akijua uso wa hasira unafananaje na unaitwaje, siku moja atasema "nimekasirika" badala ya kujitupa chini. Lakini usimpeleke kwenye kioo wakati analia. Subiri atulie.

MANENO YA KUSEMA MBELE YA KIOO

Sehemu hii ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Mtoto anaupokea uso wake pamoja na maneno yanayosemwa wakati anautazama, na maneno hayo hukaa.

Sema kile anachofanya: "Umefungua mdomo. Jino lako lile!" Sema mnavyofanana na jamaa: "Masikio haya ni ya babu yako." Taja viungo kwa lugha ya nyumbani, iwe Kibungu, Kinyiha, Kinyamwanga au Kisukuma, na baadaye kwa Kiswahili. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto.

Usiseme "ona ulivyo mbaya ukilia." Usiseme "kuna zimwi mle, litakukamata," ili tu asiguse kabati; kesho hutaweza kumpiga mswaki mbele ya kioo. Na usimsifu mtoto mbele ya kioo kwa weupe wa ngozi, wala kumtania kwa weusi wake au nywele zake ngumu. Mtoto wa miaka miwili na nusu anasikia, na anajua ni nani anayezungumziwa, kwa sababu anamwona mbele yake. Kama mama anajipaka mkorogo asubuhi kwenye kioo hichohicho, maneno yote matamu hayatafaa kitu: mtoto anaona uso wa mama ukikataliwa, na ndio uso anaofanana nao.

Mtoto mwenye ualbino acheze kivulini, kwa sababu mng'ao unamwumiza macho, na akae karibu zaidi na kioo, kwani wengi wao hawaoni vizuri kwa mbali. Yeye zaidi ya wote anahitaji kusikia nyumbani, mapema, kwamba uso ule ni mzuri na unapendwa, kabla hajasikia ya mtaani.

Muda utaupata wapi, na shamba linakusubiri? Usitafute muda mpya. Tumia ule wa kuosha uso, wa kupiga mswaki tangu jino la kwanza, wa kupaka mafuta, wa kuvaa. Dakika tano za asubuhi zinatosha.

MAKOSA YA KAWAIDA

- *Simu badala ya kioo.* Kamera ya mbele huonyesha uso, lakini mtoto hana sehemu ya nyuma ya kuchungulia, na kidole chake kikigusa, picha inaruka kwenda kwingine. Shirika la Afya Duniani halishauri kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kukaa mbele ya skrini. Wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku.
- *Kumwacha na kioo ili upike.* Kioo hakilei.
- *Kumlinganisha.* "Mwenzako anasema mimi, wewe bado." Tofauti ya miezi sita katika umri huu ni ya kawaida.
- *Kumpeleka saluni akacheze na vioo vikubwa.* Pale kuna dawa za nywele, pasi za moto na nyembe kwenye kimo cha mkono wake. Kama kazi yako ni ya saluni, mtengee kona yenye kioo chake, mbali na meza.
- *Kugombana na bibi.* Huenda bibi akakataza mtoto asitazame kioo kabla ya kuota meno au kusema. Usimvunjie heshima. Mwombe ampakate mjukuu mbele ya kioo yeye mwenyewe, na ataje majina ya viungo kwa lugha yake. Mtoto hatadhurika, na bibi ataona kwa macho yake anavyotamka.

HATARI TATU ZINAZONG'AA

Mtoto aliyezoea kioo atavutiwa na kila kinachong'aa. Ndipo hapa mzazi wa Songwe, anayeishi karibu na machimbo ya dhahabu, awe macho kuliko mzazi wa mahali pengine.

*Kioo kilichovunjika.* Mtoe mtoto kwanza, safisha baadaye. Akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kipande kikiwa kimezama ndani usikivute; mpeleke kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

*Maji.* Uso unaonekana vizuri sana kwenye ndoo, beseni na shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito; akiinama kujitazama hutumbukia, na maji ya sentimita chache tu yanaweza kumwua akiwa kimya. Usimfundishe mchezo wa kujitazama majini. Mwaga maji ya beseni mara umalizapo, funika ndoo, na mashimo yaliyo karibu na nyumba yazungushiwe uzio au yafukiwe.

*Zebaki.* Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Inang'aa kama kioo, inaviringika, ukiigusa inagawanyika kuwa vitone na kuungana tena. Hakuna mtoto asiyeitamani. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma ipae ibaki dhahabu. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Chunya ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizochunguzwa. Wakati huo Mkwajuni na Wilaya yote ya Songwe ilikuwa bado sehemu ya Chunya. Zebaki hupaa hata bila moto, mvuke wake hauonekani wala haunuki, na hudhuru ubongo unaokua.

Fanya hivi:

1. Zebaki isiingie nyumbani. Kama haiepukiki, ikae kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, imefungiwa nje ya chumba cha kulala na jiko.
2. Kamwe usichome dhahabu ndani ya nyumba au kwenye jiko la kupikia, hata mtoto akiwa amelala chumba kingine.
3. Ukitoka mwaloni panapooshwa dhahabu, au kwenye karasha ya kusaga mawe, badilisha nguo na unawe kabla ya kumpakata mtoto.
4. Ikimwagika: toa watoto na wajawazito, fungua milango na madirisha. Usifagie, ufagio unaitawanya. Kusanya vitone kwa karatasi ngumu, viingize kwenye chupa yenye maji, ufunge. Usitupe chooni wala karibu na kisima.
5. Mtoto akiimeza au akivuta moshi wake, mpeleke hospitali mara moja. Usimtapishe.

Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi nazo zina zebaki. Hizo zisikae karibu na kioo cha mtoto, wala kwenye ngozi ya mama anayenyonyesha.

KABLA YA KUANZA, KAGUA

☐ Kingo hazikwaruzi kidole
☐ Kioo hakitikisiki, au nimekishika mwenyewe
☐ Jua halipigi kioo
☐ Hakuna ndoo ya maji, dawa wala wembe karibu
☐ Mtoto ameshiba, hana homa
☐ Simu nimeiweka mbali

LINI UENDE KLINIKI

Kutojitambua kiooni peke yake si ugonjwa. Lakini michezo hii inakupa nafasi ya kumtazama mtoto kwa utulivu, na ukiona lolote kati ya haya usisubiri tarehe ya kadi. Nenda Hospitali ya Mwambani hapo Mkwajuni, au zahanati iliyo karibu:

- Mboni ya jicho inaonekana nyeupe, kiooni au kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu. Hili ni la haraka kuliko yote, kwa kuwa inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa hutibika.
- Jicho moja limepinda na halirudi, au mtoto wa miezi mitatu na zaidi hafuati uso wako kwa macho.
- Ana mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina. Mwite ukiwa nyuma yake asikuone kiooni, usije ukadhani anasikia kumbe anaona.
- Ana miezi 18 na haoneshi vitu kwa kidole, hasemi neno hata moja, au hajatembea.
- Ana miaka miwili na haungi maneno mawili.
- Alikuwa anacheka, anaita au anapunga mkono, sasa ameacha.

Chukua kadi ya kliniki. Mwambie mhudumu umri wa mtoto kwa miezi, ulichokiona, na kilianza lini.